Ulinzi wa Mungu na usiku wa Namirembe

 

Liko swali linalotufikia hapa studio kila mara, likiwa limevaa sura mbalimbali. Mhasibu amekataa kutia sahihi hesabu za uongo za chama cha msingi, na tangu siku hiyo wenzake ofisini hawaitikii salamu yake. Asubuhi moja amekuta karatasi ya vitisho imepenyezwa chini ya mlango. Mjane amegoma kuhama shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na mashemeji wamemwambia atajuta. Kijana ameona dawa za zahanati zikipakiwa usiku kwenye gari la mtu, akasema alichokiona, sasa anabadilisha njia kila anaporudi nyumbani. Wote hawa wanauliza: nikimtumaini Mungu, atanilinda? Na wapo wanaoendelea kwa sauti ya chini zaidi: mbona fulani alimtumaini, na bado wakamuua?

Swali hili halistahili jibu la haraka, na majibu ya haraka tumeyasikia ya kutosha. Mtu anaahidiwa kwamba adui zake wataanguka ndani ya siku saba. Anauziwa chupa ya mafuta apake kwenye mihimili ya mlango. Barabarani tunaona stika kwenye vioo vya daladala zikisema kwamba gari hili linalindwa na damu ya Yesu. Kwa stika sina neno, maana aliyeibandika huenda anaomba kwa moyo wake wote kila anapowasha injini. Neno langu ni kwa yule anayeahidi kwa niaba ya Mungu jambo ambalo Mungu hakuliahidi, kisha aliyeumia akirudi kwake analia, anamwambia imani yako ilikuwa haba. Huko ni kumpiga mtu aliyekwisha kupigwa. Wahubiri wenzangu, tuliache.

Kwa hiyo leo twende Uganda, mwaka 1977, kwa sababu huko kulitokea jambo linalolikabili swali hili bila kulikwepa.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 kijijini Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda, Mwacholi kwa kabila. Utotoni alichunga mifugo, akachelewa kuanza shule, akasoma, akawa mwalimu. Januari 1948 aliokoka katika uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Ndio uamsho uliowaachia babu na bibi zetu wimbo wa Tukutendereza, unaoimbwa mpaka leo vikundi vya walokole vinapokutana. Luwum akawa mchungaji, akawa askofu wa kaskazini mwaka 1969, na mwaka 1974 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Wakati huo Idi Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971. Watu walikuwa wakitoweka. Mtu anachukuliwa kazini mchana, wengine wanamwona akitiwa kwenye buti la gari, na jioni familia haina pa kuuliza. Waacholi na Walango waliandamwa kuliko wengi, jeshini kwanza, kisha na uraiani. Mke ambaye mumewe hakurudi, au mama aliyempoteza kijana wake, alikwenda kwa Askofu Mkuu. Naye Luwum alitoka mwenyewe akaenda kwenye ofisi za usalama kuwaulizia watu hao kwa majina. Fikiria ujasiri wa kuingia kwa miguu yako ndani ya jengo ambalo wengine waliingizwa wamefungwa, ukauliza kwa heshima: fulani yuko wapi?

Agosti 1976 viongozi wa dini walikutana, Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu pamoja, kuzungumzia hali ya nchi, na Luwum ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Nalitaja hili makusudi. Wako wanaoisimulia habari ya Uganda kana kwamba ilikuwa vita ya dini moja dhidi ya nyingine. Chini ya Amin walikufa Waislamu pia, na masheikh waliokaa meza moja na maaskofu walijua wanahatarisha nini.

Sasa sikiliza kilichotokea usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, nyumbani kwa Luwum mlimani Namirembe, Kampala.

Ilikuwa yapata saa saba na nusu za usiku. Mbwa wakabweka kwa nguvu, uzio ukavunjwa. Luwum akashuka hadi mlango wa mbele, akachungulia, akamwona nje mtu anayemfahamu, akadhani ana shida. Kwa mchungaji, mtu kugonga usiku ni jambo la kawaida: kuna mgonjwa, kuna msiba. Akafungua. Watu wenye silaha waliokuwa wamejificha pembeni wakaruka ndani, wakamwelekezea bunduki, wakamwambia awaonyeshe silaha alikozificha. Yule mtu wa mlangoni walikuwa wamemkamata na kumpiga kabla ya kumleta, wamtumie kama chambo.

Wakapekua nyumba nzima. Vyumbani, uvunguni mwa vitanda, kwenye ghala la chakula, mpaka kwenye kanisa dogo la nyumbani. Hawakukuta silaha yoyote. Usiku huohuo askari walikuwa wakifanya hivyohivyo kwa Askofu Yona Okoth huko Tororo.

Inasimuliwa kwamba walipomaliza, wakitaka kuondoka, waliomba wafunguliwe geti. Mary, mke wa Askofu Mkuu, aliona haifai. Wamevunja uzio kuingia, basi wapite palepale walipoingilia. Nani angemlaumu? Mama ameamshwa usiku wa manane, mumewe amesimamishwa mbele ya mtutu wa bunduki, nyumba imepinduliwa juu chini. Lakini Luwum alikataa. Alisema wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, na kwa ushuhuda huo geti litafunguliwa. Likafunguliwa, na wale watu wakatoka kwa mlango, kama wageni.

Nimekaa sana na habari hii ya geti, na kila nikiifikiria naona ndani yake jambo tunalolitafuta kwa maombi ya mkesha bila kulijua kwa sura. Tunasema, Bwana, nipe amani. Tunachomaanisha mara nyingi ni: Bwana, niondolee hatari, ili mapigo ya moyo yatulie. Ni ombi halali. Bwana Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, wala hakuona aibu kuomba hivyo. Lakini amani aliyokuwa nayo Luwum usiku ule haikungoja hatari iondoke. Hatari ilikuwa imesimama sebuleni kwake. Adui alikuja na nguvu za kumfanyia lolote, ila hakuwa na nguvu za kuchagua Luwum awe mtu wa namna gani. Hapo mahali padogo, kati ya mlango na geti, Mungu alikuwa amemlinda tayari, siku kumi na moja kabla hajauawa.

Maana aliuawa. Lazima tulitamke.

Baada ya upekuzi ule maaskofu walikutana, wakamwandikia Amin barua. Walilalamika waziwazi kwamba bunduki zilizonunuliwa kumlinda mwananchi sasa zinamwelekea mwananchi huyohuyo, na kwamba ikiwa nyumba ya Askofu Mkuu inaweza kuvamiwa hivi, mtu wa kawaida kijijini hana hata pa kujificha. Waliisaini kwa majina yao. Wako wanaosema kwamba mtu wa Mungu akionewa anyamaze, amwachie Bwana. Mimi sioni kwamba kunyamaza ndiyo imani. Maaskofu wale walimwachia Bwana matokeo, lakini barua waliiandika wenyewe.

Tarehe 16 Februari wakaitwa kwenye uwanja wa hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Kulikuwa na askari wengi, mabalozi, viongozi wa serikali, na rundo la silaha zimepangwa chini kama kidhibiti. Watu wakasimamishwa juani. Zikasomwa taarifa ndefu za kumhusisha Luwum na njama ya kumrudisha madarakani Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Askari wakaulizwa wafanyiwe nini wasaliti, wakapiga kelele kwamba wauawe. Baadaye maaskofu wakaambiwa waende nyumbani, isipokuwa Luwum, ambaye aliambiwa Rais anamwita. Wenzake walikaa wakimngoja, mpaka wakafukuzwa. Mke wake naye alikuja kumtafuta, akarudishwa.

Kesho yake Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Kwa sisi tunaokaa mbele ya maikrofoni, habari hii inachoma. Chombo kilekile kilichowaletea watu wa Kampala nyimbo na habari za asubuhi kilitumika kuufunika uuaji. Watu hawakuamini. Waliouona mwili wake baadaye waliona matundu ya risasi.

Mwili haukuzikwa Kampala. Ulipelekwa Mucwini, ukazikwa huko chini ya ulinzi wa askari. Pale Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Jumapili ya tarehe 20 Februari, ingawa serikali ilikuwa imekataza ibada ya kumwombea Luwum, maelfu ya watu walipanda mlima ule kuja kwenye ibada ya kawaida. Ibada ilipokwisha walitoka nje, wakasimama kulizunguka kaburi lile lisilo na mtu, wakaimba. Wapelelezi walikuwa katikati yao, nao waumini walijua. Waliendelea kuimba.

Msikilizaji, sasa linganisha na habari ya mwenzake. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikuwa miongoni mwa maaskofu waliosimama juani siku ile. Alirudi Kabale akaambiwa kwamba anatafutwa. Watu waliompenda walimsihi aondoke usiku huohuo. Yeye na mkewe Mera walikwenda kwa gari hadi barabara ilipoishia, wakapanda milima kwa miguu gizani, wakisaidiwa na waumini wanaozijua njia, na kulipokucha walikuwa Rwanda. Kivengere aliishi miaka kumi na moja zaidi, akahubiri nchi nyingi, akawasaidia wakimbizi wa Uganda. Amin alipoangushwa Aprili 1979, alirudi nyumbani.

Wote wawili walikuwa walokole wa uamsho mmoja, na bila shaka waliomba kwa Mungu yuleyule wiki ileile. Mmoja akauawa, mwingine akavuka mpaka. Nani alilindwa?

Katika Biblia swali hili halikufichwa. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 12. Mistari ya mwanzo tu, Herode anamuua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga. Akiona jambo hilo limewapendeza watu, anamkamata na Petro. Anamtia gerezani chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne. Kanisa linaomba. Usiku ule kabla ya kutolewa mbele ya watu, Petro amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, na usingizi wake ni mzito kiasi kwamba malaika analazimika kumpiga ubavuni ili aamke. Petro anatoka. Yakobo amekwisha kuzikwa. Luka, anayeandika, hasemi kwamba imani ya Yakobo ilikuwa na kasoro, wala hasemi kwamba kanisa lilisahau kumwombea. Anaziweka habari hizi mbili bega kwa bega, bila maelezo. Naye Petro alipolala vile, hakujua kwamba malaika anakuja. Usingizi wake haukutokana na kujua kwamba atatoka. Alikwisha kumwona Yakobo akienda.

Basi anayekuambia kwamba ukiamini hutaguswa, mwulize habari za Yakobo. Na anayekuambia kwamba hakuna faida ya kuomba, mwulize habari za Petro. Mimi nimeshindwa kumwacha mmoja ili nimshike mwingine. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba ahadi ya Mungu ni kuwapo. Alikuwapo kwenye chumba alichoingizwa Luwum peke yake, kama alivyokuwapo kwenye milima ya Kigezi. Hilo ndilo ninaloliamini, na juu ya hilo ndipo ninaposimama ninapomzika mtu mwema aliyekufa vibaya.

Lakini tusiliache hapo, kwa sababu kuna watu wanaonisikiliza wanaoogopa leo, na wanataka kujua la kufanya. Wengine wamefundishwa kwamba kuchukua tahadhari ni kukosa imani. Kwamba ukienda polisi, ukihama kwa dada yako kwa muda, ukimwambia mwenyekiti wa mtaa, ukitunza nakala ya nyaraka zako kwa wakili, basi humwamini Mungu. Nani alitufundisha hivyo?

Mtume Paulo alipokuwa kizuizini Yerusalemu, watu zaidi ya arobaini walikula kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamuue. Usiku uliotangulia, Bwana alikuwa amesimama karibu naye na kumwambia kwamba atamshuhudia hata Rumi. Kwa hiyo Paulo alikuwa na ahadi ya kufika Rumi, kutoka kwa Bwana mwenyewe. Mtoto wa dada yake akazisikia zile njama, akaingia ngomeni, akamwambia mjomba. Je, Paulo alimwambia, mwanangu, usijali, mimi nina ahadi? Hapana. Alimwita ofisa, akamwambia mpeleke kijana huyu kwa mkuu wa jeshi, ana neno la kumwambia. Na saa tatu usiku Paulo akatolewa mjini akilindwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Ahadi ya Mungu ilisafiri juu ya farasi wa serikali ya Kirumi, na ilianzia kwenye masikio ya mpwa aliyekuwa makini.

Tena angalia Ezra na Nehemia. Wote wawili walisafiri kwenda Yerusalemu, na mfalme ni Artashasta. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, maana alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu huwalinda wanaomtafuta. Akatangaza mfungo kando ya mto Ahava, wakasafiri bila walinzi, wakafika. Nehemia alikwenda na maofisa wa jeshi na wapanda farasi, naye akafika. Kisha Nehemia alipojenga ukuta na adui wakapanga kumvamia, aliomba, na hapohapo akaweka zamu ya walinzi usiku na mchana. Ezra hakumwita Nehemia mwoga, na Nehemia hakumwita Ezra mjinga. Laiti sisi tungeheshimiana hivyo. Dada aliyekimbia ndoa ya vipigo akalala kwa jirani hajamkosea Mungu. Ndugu aliyebaki kazini kwake palepale wanapomchukia, kwa sababu dhamiri inamwambia abaki, naye asiitwe mkaidi.

Kivengere alipokuwa uhamishoni aliandika kitabu, kikatoka mwaka huohuo wa 1977, na jina lake liliwashtua wengi: I Love Idi Amin. Alikuwa anatamka kwamba anampenda mtu aliyemuua rafiki yake. Alieleza kwamba chuki ilikuwa imeanza kumwingia moyoni, akaona kwamba inamkausha, mpaka siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, akayatafakari maneno ya Bwana msalabani juu ya wale waliompigilia misumari. Pale akasamehe. Lakini tafadhali, usikosee hapo. Kivengere aliyesamehe aliendelea kuzunguka dunia akisema wazi kinachofanyika Uganda. Kusamehe hakukumfunga mdomo. Mama uliyesamehe, kesi yako iache iendelee mahakamani. Msamaha unakutoa wewe kwenye chuki, haumpi mwizi hati ya shamba lako.

Kabla muda haujatuishia nataka kuvuka kidogo hadi Kenya, kwa sababu huko kuna jambo linalotugusa sisi tusiotishwa na mtu yeyote leo.

Mwaka 1988 Kenya ilifanya uchaguzi wa mlolongo. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa hadharani, na mahali pengine foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo iliyoshinda. Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki aliupinga mtindo huo kwa sauti kubwa, akihubiri kutoka katika maandiko ya manabii na habari za Danieli, na pia akakemea unyakuzi wa ardhi. Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba yake huko Kirinyaga, wakaanza kuvunja. Gitari alipanda juu ya paa, akapiga kelele za kuomba msaada. Majirani wakasikia. Wakatoka majumbani mwao, wakaja. Wavamizi wakakimbia.

Gitari baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya, kuanzia 1997 hadi 2002, akastaafu, akafariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 76. Mwenzake wa Eldoret, Askofu Alexander Muge, alitishiwa na waziri hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda Busia tarehe 14 Agosti 1990, akawahubiria watu, na wakati wa kurudi gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri yule alijiuzulu. Kwa hiyo hata Kenya tunao wawili, aliyepona na aliyekufa, na wote wawili walisimama mahali pamoja.

Ila niruhusu nirudi kwa wale majirani wa Kirinyaga. Tunasema Mungu alimlinda Gitari, na ni kweli, nami nasema amina. Lakini alimlinda kwa kutumia nani? Kwa watu waliokuwa wamelala, wakaamka, wakasikia sauti wanayoijua, wakaamua kutoka nje wakati ambapo kila sababu ya busara iliwaambia wafunge komeo na kuzima taa. Ni wakulima, watu wa kawaida. Wavamizi wale walikuja wakitegemea hesabu moja tu, kwamba watu wataogopa. Ukiisikiliza habari hii vizuri, inamgeukia mwenye kusikiliza. Tunaomba kila siku Mungu atume malaika kwa watu wanaoonewa, na huku sisi wenyewe tunaishi nyumba ya tatu kutoka kwao.

Yule mhasibu wa chama cha msingi anasali wapi Jumapili? Pengine ni kwenye benchi lako. Anapomaliza ibada, watu wanamkwepa mlangoni, kwa sababu wakubwa wa chama nao wako hapo, na hakuna anayetaka kuonekana akiongea naye. Wazee wa kanisa wanajua. Mchungaji anajua. Wanamwombea kwa siri, nami nawashukuru kwa hilo, lakini maombi ya siri hayamfikii mtu anayetembea peke yake hadi nyumbani akitazama nyuma.

Basi wewe unayetishwa kwa sababu umesema kweli, usikae na jambo hilo peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kabla hujalala, na vitisho hivyo viandike, tarehe na maneno yake. Omba, nasi tunaomba pamoja nawe kwa jina lako, Mungu analijua. Na wewe ambaye nyumba yako ina amani, wiki hii nenda kwa mtu huyo mchana, watu wakiona. Keti naye nje, unywe chai. Msindikize akienda kutoa ushahidi. Mpe namba yako ya simu, umwambie apige saa yoyote. Na ukisikia kelele kwake usiku, washa taa, uite na wengine, mtoke.